Mwalimu Zakayo Kobia na Figo la Dada Yake

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo hapa Naro Moru ni Mwalimu Zakayo Kobia, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1947 huko Chogoria, akafuatiwa kuzaliwa na dada yake Kinya, ambaye ameketi hapa mbele na tangu Alhamisi hajalia.

Alisoma Chogoria, akahitimu ualimu Nyeri mwaka 1968, akafundisha Tetu, kisha akahamia hapa, ambako alipanda viazi hata nyuma ya vyoo vya shule, na waliomcheka ndio waliovila. Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na Peris, wakajaliwa Mbaabu na Tryphosa.

Mwaka 1984 mafigo yake yote mawili yaligoma, na tarehe 5 Februari 1985, jijini Nairobi, Kinya alimpa figo lake moja, naye akaanza kumeza dawa kila siku ili mwili usilikatae.

Mwaka 1987 mabaka ya zambarau yalimtoka miguuni, akalaumu gambuti mpya, nasi tukamwamini, hadi daktari alipoeleza kwamba dawa zilizolinda figo zilikuwa zimelegeza kinga ya mwili, na saratani adimu ikapata mwanya. Alishauriwa azipunguze, huenda saratani ikarudi nyuma, ingawa figo lingeweza kufa na yeye arudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Kobia alikataa. Hapo Kinya alitoka Chogoria, akamwambia mbele ya familia nzima: "Kobia, hiyo figo nilikupea, sikukukopesha. Wacha dawa." Kobia alimjibu kwamba kitu cha dada yake hakitafia mikononi mwake, akamwomba Peris maji ya kumezea.

Saratani ilifika mapafuni, akafariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1988, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kinya alimuuliza daktari jambo moja tu, akaambiwa kwamba figo lilifanya kazi vizuri mpaka mwisho, na tangu hapo hajui afurahi au akasirike, naye ameomba jambo hili lisomwe hivyo hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopasua kuni na kukamua ng'ombe wa Peris, na walimu wenzake walioshika madarasa yake bila kunung'unika. Mwalimu Kobia, pumzika kwa amani, Kinya anasema sasa unaweza kuacha dawa.