Kofia Isiyoitikia: Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Verlyn Tschetter

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, saa tisa alasiri, Bwana Verlyn Tschetter atafunga droo za meza yake katika karakana ya bunduki ya Bev Hofer, hapa Freeman, Dakota Kusini, baada ya miaka thelathini na moja na miezi mitano ya utumishi. Wasifu huu, wa kusomwa ukumbini siku hiyo ya kumuaga, umeandikwa na jirani yake wa meza ya pili. Bev aliagiza uwe ukurasa mmoja, usiwe na machozi, na usitaje umri wa mtu. "Miaka ya kazi inatosha," alisema. "Ya kuzaliwa mwachieni Arlys." Arlys ni mke wa Mzee Verlyn.

Alikuja hapa Machi 1994 akitokea kwenye matengenezo ya mashine za kuvunia. Miaka kumi ya mwanzo alirekebisha bunduki za kuwindia kwale. Kisha wakaja washindani na karabini zao, bunduki fupi zinazokula risasi za bastola, kila mmoja akitaka yake isipige teke kabisa. Hapo ndipo Mzee Verlyn alipojulikana mpaka majimbo ya jirani.

Kazi yenyewe inaelezeka hata kwa wakwe zetu watakaokuwa ukumbini. Ndani ya karabini hizi hakuna komeo. Bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na kurudi nyuma kila risasi inapotoka, hushikiliwa na springi na uzito tu: uzito wake mwenyewe, na wa kipande kingine kinachokaa nyuma yake ndani ya kitako. Uzito ukizidi, bunduki inasukumana na bega na nukta nyekundu ya darubini inaruka ovyo. Ukipungua mno, bolti inafunguka kabla ya wakati, ganda la risasi linapasuka, na moto na shaba vinatoka karibu na jicho la mpigaji. Mzee Verlyn alitafuta pale katikati, gramu kwa gramu, kwa mizani ya jikoni ambayo Arlys anaidai tangu 1996.

Maoni ya mteja hakuyasikiliza. Alisimama pembeni mteja akifyatua, akatazama kofia yake. Ukingo wa kofia ukitikisika kila mlio, alisema, "Kofia inaitikia. Lete hapa." Kofia isipoitikia, kazi imekwisha, hata mteja alalamike vipi. Bingwa mmoja alimng'ang'ania ampunguzie uzito kidogo tena, kidogo tu. "Sawa," Mzee akamjibu, "na uso mwingine nikuagizie wapi?" Yule bwana aliondoka na bunduki yake kama ilivyokuwa, na bado anakuja.

Mafanikio yake ni mengi na yeye hakuyaandika popote. Zaidi ya karabini mia nne zimepita mikononi mwake. Kila Alhamisi alinunua nyama ya kondoo ya kukaanga kwa karakana nzima, na hajawahi kukubali kwamba ya upande wa pili wa mji ni tamu zaidi.

Wageni wasiojua waelezwe pia kuhusu Ukuta wa Aibu. Kila kifaa kilichoharibiwa au kukosewa hapa hutundikwa juu ya sinki la kahawa, na chini yake jina la fundi. Vitatu kwa mwaka mmoja, unaonyeshwa mlango. Bev hana mjadala katika hilo. Kwa miaka yote hii Mzee Verlyn ana kitu kimoja tu pale, kipande cha uzito chenye karatasi iliyoandikwa VERLYN, JUNI 2014. Kila fundi mpya huonyeshwa na kuambiwa, "Unaona? Hata Mzee."

Habari ya kipande hicho ni hii. Renae Lindquist, daktari wetu wa mifugo, alikuwa na karabini yenye bolti nyepesi, iliyohitaji kipande kizito kitakoni. Dale Graber, mkulima, alikuwa na yenye bolti nzito na kipande chepesi. Zote mbili zilijaribiwa Ijumaa moja asubuhi, zikafunguliwa kusafishwa kwenye meza moja, zikafungwa tena. Jioni Renae alichukua yake, akaenda kwenye mashindano Nebraska.

Jumamosi saa mbili asubuhi Dale alikuja, akafyatua tano, na kofia yake ikaitikia kama mposaji anayetajiwa mahari na bado anamtaka binti. Mzee Verlyn akafungua kitako, akakuta kipande kizito, cha Renae; basi Renae alikuwa na bolti nyepesi na kipande chepesi. Alimpigia Renae simu, haikupokelewa. Washindani huacha simu garini. Akabeba kipande na mizani, akaendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu.

Kundi la Renae lilipangiwa saa saba mchana. Mzee alimkuta anajaza risasi kwenye magazini. Hakuwa amefyatua hata moja, maana aliiamini karakana. Mzee alimwambia mbele ya watu wote, "Usiifyatue hiyo. Nimekosea mimi." Akabadilisha vipande na kuvipima juu ya boneti ya gari. Kile chepesi alichokitoa ndicho kilichotundikwa ukutani, na Dale akatengenezewa kingine.

"Si ulisema hukosei?" Renae akamuuliza.

"Nilikuwa nakudanganya."

Renae alimaliza wa nne. Macho yake yote mawili ni mazima, na atakuwa mzungumzaji wetu Ijumaa ya kumuaga Mzee.

Daktari Renae, na wewe Bev, someni hapa polepole. Mzee Verlyn hakugusa bunduki hizo Ijumaa ile baada ya kujaribiwa. Aliyezifunga ni mwandishi wa wasifu huu, kwa haraka, bila kupima na bila kujaribu tena. Mwaka huo alikuwa na vitu viwili tayari ukutani, na mke mwenye mimba ya miezi saba. Jumatatu alipokwenda kwa Mzee kusema atakiri, alijibiwa, "Mimi watanicheka wiki moja. Wewe utafukuzwa. Kafagie." Wakamcheka miaka kumi na moja. Mwandishi alikuwepo kila mara na, Mungu amsamehe, mara mbili tatu alicheka nao. Aliona aibu wakati ule na anaona aibu sasa. Tangu siku hiyo hajatoa bunduki hapa bila kupima mara mbili na kutazama kofia.

Leo asubuhi, kabla Bev hajafungua ofisi, ile karatasi ya ukutani imebanduliwa na nyingine imebandikwa. Inasema DUANE, JUNI 2014. Kama hicho kinahesabiwa cha tatu, mlango ninaujua.

Mzee Verlyn, utakasirika, na utaniambia nikafagie. Nitafagia. Lakini unatoka hapa huna kitu hata kimoja ukutani, na watu wajue. Asante kwa kazi yako, na asante kwa ya kwangu. Kaa salama na Arlys, mrudishie mizani yake, na kofia yako ipumzike.

Duane Wipf, meza ya pili