Mama Pudentienne na Direkta Aliyelowa Suruali

Tarehe 30 Juni 2024, Mama Pudentienne Arakaza anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi: kumi na miwili akifundisha darasani, ishirini na miwili akikagua uongozi wa shule za msingi, kuanzia Uvira mjini hadi uwanda wa Ruzizi.

Ofisini tulimjua kwa kuzubaa. Mkutano ukiendelea, macho yake yalipita dirishani, yakavuka ziwa, yakatulia kwenye milima ya Burundi, ambayo asubuhi huonekana kama inaelea. Mkuu wetu alimwuliza mara nyingi kama bado yupo nasi. Naye, bila haraka, alirudia kila neno lililosemwa, pamoja na yale ambayo mkuu angependa yasahauliwe.

Utulivu huo ulimfaa kazini. Shule moja ya Kasenga, iliposikia anakuja, iliazima mabenchi ya kanisa jirani ili madarasa yapendeze. Ilisahau kwamba Jumatano ni siku ya kina mama kusali. Saa nne wakafika, wakafuata mabenchi yao, wakaketi katikati ya wanafunzi. Mama Pudentienne aliendelea na ukaguzi kana kwamba hakuna jambo. Katika ripoti aliandika kwamba mama mmoja wa safu ya nyuma anajua kugawanya kuliko darasa zima.

Lakini hata yeye alikosea mara moja, na kosa hilo linanihusu.

Majira ya mvua ya mwaka 2011 alikwenda kutathmini shule moja upande wa Runingu, nilikokuwa nikifundisha. Saa mbili asubuhi aliikuta ofisi ya direkta wetu, yaani mwalimu mkuu, Bienvenu, imefungwa, na rejista haijatiwa sahihi. Bienvenu alipotokea, suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani. Hakujitetea, ndivyo alivyo. Alipewa alama ya chini kabisa. Wakubwa wakaamua aondolewe, na mimi, Donatien, nishike nafasi yake. Barua yangu ilikwisha kuchapwa, na mke wangu alianza kuitwa Mama Direkta sokoni.

Wiki mbili baadaye, akisugua doa la tope la safari ile kwenye sketi yake, Mama Pudentienne alizubaa tena. Yeye alilowa alipovuka mto ulio njiani kwenda shuleni. Bienvenu alilowa pia. Mbona watoto wa darasa la kwanza, wengi wao wakitoka ng'ambo, walikuwa wakavu wote?

Kesho yake kulipopambazuka alikuwa amesimama ukingoni. Ukungu ulilala juu ya maji na mashamba ya mpunga, na ndani yake mtu alikwenda na kurudi taratibu, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Hakuna aliyelia. Baadaye alitusimulia kwamba alidhani anaota, mpaka mtoto mmoja aliyekuwa mgongoni alipomwamkia.

Alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

“Donatien, miye nilikosea,” aliniambia. “Ule mutu anavushaka batoto kila asubui. Nitaandika barua: kosa iko yangu.”

Akaiandika kweli. Alipata karipio lililobaki kwenye faili lake, na Bienvenu akabaki na shule yake. Mimi nilinuna mwaka mzima. Kisha, nilipoingia ukaguzi, ni yeye aliyenifundisha kwamba uongozi wa shule hutazamwa kabla kengele haijalia, na kwamba mkaguzi asiyeweza kufuta alichoandika heri arudi kuuza dagaa.

Mama, kuna swali moja hujaniuliza kwa miaka kumi na mitatu. Walimu wote wa shule ile tulijua Bienvenu alikuwa wapi asubuhi ile. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yako ulipokuwa ukiandika, na sikufungua kinywa. Najibu leo, mbele ya wote: nilikitaka kile kiti.

Nisamehe, na asante kwa kunifundisha kazi hata hivyo. Sisi sote tunakuombea afya, na miaka mirefu ya mapumziko matamu.