Siku Tulipozika Mguu wa Bavon

Mheshimiwa Chifu wa kata yetu; Baba Padri; Daktari na wauguzi mliowaacha wagonjwa wenu kidogo kwa ajili yetu; wazee wa ukoo, na hasa tonton Urbain, baba yetu mkubwa, unayegawa nafasi zetu za kuvulia kwenye maporomoko; papa na mama; ndugu wageni wote: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Mimi ni Déborah, mdogo wake Bavon, huyu aliyekaa mbele yenu akijifanya hasikii.

Familia imenipa kazi ya kushukuru kwa sababu nimesoma. Bavon mwenyewe angesema, "Asanteni, tukule," na sasa hivi tungekuwa tunakula.

Ugonjwa ulianzia gotini. Tulidhani amejigonga kwenye miti tunayoisimamisha katikati ya maji ili kuning'iniza mitego. Nani kati yetu hajajigonga pale? Uvimbe ulipokataa kupungua, Daktari alituambia wazi kwamba kansa imeingia mfupani, na kwamba tusipoutoa mguu tutampoteza mtu. Bavon aliuliza swali moja: "Docteur, mutu ya mguu moja anaweza simama ku maji?" Daktari hakumdanganya. Bavon akageukia ukuta, akakataa kukatwa.

Maneno yote niliyoyapata shuleni yalikuwa makubwa kuliko chumba kile. Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikamwosha, nikampikia uani mwa hospitali pamoja na wengine waliokuwa wakiuguza watu wao. Asubuhi moja aliposukuma tena bakuli la uji, nilichoka kuwa mpole.

"Bavon, miye sitafuti mvuvi. Natafuta kaka ya kugombana naye."

"Hata ya mguu moja?"

"Hata ya mguu moja. Hautaweza kunikimbiza tena, na hiyo njo vizuri!"

Akacheka. Akala uji. Akaomba Daktari aitwe.

Katika familia yetu, kiungo cha mtu kikikatwa hakitupwi. Tonton Urbain aliupokea ule mguu, akaufunga kwa kitambaa cheupe, akauzika karibu na babu. Lakini jirani akiona shimo, kitambaa na wazee waliovua kofia, atafikiri nini? Habari ilifika mpaka mtaa wa Kabondo kwamba Bavon amefariki. Watu walileta viti vya matanga hapa nyumbani. Tantine Lucie, shangazi yetu, alikwenda hospitali akilia tangu mlangoni, akamkuta marehemu anakula pondu.

"Tantine," marehemu akamwambia, "kama ulileta chakula ya matanga, weka tu hapa."

Cheka, tantine, leo unaruhusiwa.

Kuna jambo ambalo halikutuchekesha. Nafasi ya mvuvi kwenye maporomoko haikai bila mtu wa kusimama. Tonton alijua vizuri kwamba Bavon yu hai, lakini alisema, "Mguu ya kusimamia tumeshazika," akampa nafasi binamu yetu Merdi. Niliona kama wanamgawa mtu anayepumua. Nilitaka kwenda kwa tonton na hasira yangu yote. Bavon, siku chache tu baada ya kutoka hospitali, alinishika mkono: "Acha. Niletee kamba."

Nikamletea kamba za msituni, naye akaanza kusuka mtego. Mnaufahamu mtego wetu mkubwa: ukishaanza kupanuka, msukaji huingia na kukaa ndani yake. Kwa nje tuliona vidole tu. Nilimpitishia chai mdomoni mwa mtego, na wakati mwingine nilisikia akisema peke yake. Sikumwuliza. Kuna mahali ambapo hata dada hubaki mlangoni.

Mtego ulipokwisha, Merdi alikuja, akauzunguka, akaupima kwa mabega yake. Kisha akamwita tonton.

"Tonton, kusimama naweza. Kusuka kama hivi, hapana. Nafasi iko ya Bavon. Miye nitakuwa miguu yake."

Tonton aliinama, akavuta kamba moja ya mtego; haikulegea.

"Bon," akasema. "Donc huyu mutu iko na miguu tatu sasa."

Ndugu wageni, hiyo ndiyo sababu ya sherehe hii. Baba Padri akishaubariki mtego huu, tutateremka nao majini. Merdi atauning'iniza, na Bavon atakaa katika pirogi, mtumbwi wetu, akishika kamba na kutoa amri, kazi ambayo, kwa kweli, aliiweza tangu utotoni.

Daktari na wauguzi, mlichukua kilichotakiwa kuchukuliwa, mkaturudishia mtu wetu akiwa na ukali wake wote. Asante. Merdi, sina neno linalokutosha. Utakula kwetu daima. Tonton Urbain, uliuzika mguu kwa heshima, kisha ukakubali kwamba mwenye mguu hakuzikwa. Mbele ya watu hawa wote, nakushukuru.

Nawe Bavon, samaki wa kwanza ni wangu. Ukikataa, tutagombana.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa, kama anavyopenda kusema Bavon mwenyewe: tukule.