Koti la Kofi

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, redio ya kijiweni ilipokaa kimya. Muuza magazeti hudai ilikuwa Ijumaa. Lakini siku ya Ijumaa yeye hakufika kazini. Breki, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu ulimi wake hauna, hushikilia kuwa ilikuwa saa moja kamili. Lakini saa yake ya mkononi husema saa moja kamili hata jua likiwa utosini. Na wale wanaosema kimya kilidumu dakika nzima wamekosea vilevile: kilidumu muda wa mtu kupuliza kahawa na kuionja. Kijiweni walikuwapo wanne tu. Alikuwapo Breki, alikuwapo Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu aliyeomba kufundishwa, alikuwapo Mama Kahawa na birika lake, na alikuwapo Fundi, mshonaji, ambaye cherehani yake iko hatua mbili kutoka kwenye benchi. Kati ya wote, Fundi peke yake ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Juu ya meza yake yalining'inia makoti mawili mekundu, moja la Ngumi na moja la Kofi.

Ngumi na Kofi ni mabinti wawili wa hip hop, na kila asubuhi huendesha kipindi redioni. Mtindo wao unajulikana: Ngumi huanza sentensi, Kofi huimalizia. Asubuhi hiyo Ngumi alisema, "Habari zenu ninyi mlio..." na hakuna aliyemalizia. Kikapita kile kimya, kisha ukawekwa wimbo.

— Wameachana hao, akasema Profesa, akapunguza sauti ya redio ili aeleze vizuri yanayoendelea redioni.

Mkono wa Fundi ukasimama juu ya kifungo cha mwisho. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akishona sare za shule, nguo ambazo hakuna mtoto anayezishukuru. Leo saa kumi jioni, kwa mara ya kwanza, kazi yake ingepanda jukwaani, kwenye onyesho la Ngumi na Kofi. Makoti yangechukuliwa saa tatu.

— Labda kachelewa tu, akasema Fundi.

— Achelewe wapi, kwani anakuja kwa miguu kutoka mwezini? Fundi, sikiliza. Mmoja kaambiwa anajua kuliko mwenzake. Basi, kwisha habari.

— Nani kaambiwa?

— Usinikate kauli.

Breki akavuta kahawa kwa kishindo.

— Mimi naona kaolewa. Mume kasema, chagua: mimi au maikrofoni.

— Kaolewa jana saa ngapi, baba? Mama Kahawa akauliza. Si jana alikuwa hewani anawasema ninyi mnaokaa vijiweni kutwa?

— Hakututaja sisi!

— Mimi sijasema kawataja. Nimeona tu mmekasirika.

Fundi akachukua simu. Akampigia Kofi mara tatu. Simu iliita, haikupokelewa.

— Unaona? Profesa akafurahi kama aliyefaulu mtihani. Mtu yupo nchini, simu iite isipokelewe? Huyo yuko kwenye ndege. Kachukuliwa na redio ya ng'ambo.

— Ndege gani simu inaita? akauliza Mama Kahawa.

— Ndege za kisasa, mama. Wewe mimina kahawa.

— Si umpigie Ngumi, Fundi?

— Ngumi yuko hewani mpaka saa tatu.

— Basi ongezeni sauti mumsikie.

— Tutasikilizanaje, sasa, na redio inapiga kelele? akafoka Breki.

Hoja hiyo ilionekana nzito, na redio ikaachwa inong'one peke yake. Kufika saa mbili, Kofi alikuwa ameshaolewa, ameshahama na ameshaanza kujuta huko alikokwenda. Breki alimhurumia mpaka akafuta jicho.

— Shida inabaki kwako, Fundi, Profesa akasema taratibu. Ngumi atapanda peke yake. Jukwaa pana lile! Ukimvika kikoti hicho kifupi, ataonekana kama kifungo kilichodondoka. Na watu watauliza, fundi wake nani?

Hapo ndipo alipomshika. Fundi angeweza kustahimili maneno yote ya duniani, lakini si hayo.

— Sasa nifanyeje?

— Unganisha! Koti la Kofi si halina mwenyewe? Likate, umtengenezee mwenzake mkia. Koti refu, linaburuta. La kifalme!

— Na mabega, akaongeza Breki. Mwekee mabega.

— Baba zangu, ngojeni hata saa tatu, akasema Mama Kahawa.

Fundi alimtazama Mama Kahawa, akamtazama Profesa. Akashika mkasi. Alifumua mikono yote miwili ya koti la Kofi, akaichana sehemu ya mgongo katikati, akaishonea kwenye koti la Ngumi. Kila cherehani iliponyamaza, Profesa alisema "safi."

Ilipofika saa tatu kasoro dakika tisa akaja binti aliyejifunga kitambaa shingoni. Akasimama mbele ya meza. Aliposema, ilitoka sauti ya karatasi inayosuguliwa.

— Shikamoo, Fundi. Samahani kwa simu. Sauti ilinikauka jana mazoezini. Daktari kanikataza kusema mpaka saa kumi, nami kwa simu huwa sijizuii.

— Marahaba, akajibu Fundi, bila kujua amejibu nini.

— Ngumi ametangaza mara nne. Hamkusikia?

Wote wanne wakaitazama redio. Mama Kahawa akainamisha birika kwenye kikombe cha Profesa. Halikutoa hata tone.

Kofi akatazama ile nguo moja nyekundu mezani, yenye mkia unaofika chini na mabega ya watu wawili.

— Saa kumi tunapanda, akanong'ona. Koti langu ni lipi?

Fundi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Breki. Breki akaitazama saa yake. Ilikuwa saa moja kamili.