Kombi Iliyoimba Ikachoka

Benchi letu la Malaba liko mkabala na kizuizi cha forodha, upande wa Kenya, mahali barabara inapoanza kuteremka kwenda darajani. Ni ubao uliotoka kwenye bodi ya lori, umewekwa juu ya mawe mawili, na mimi huuza kahawa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wanaokaa ni wale wale: Barasa, dereva wa lori, tunayemwita Spana kwa sababu hufungua chochote kilichofungwa, Okello, wakala wa forodha, tunayemwita Muhuri, na Kizito wa ng'ambo ya daraja, aliyefundisha shule ya msingi muhula mmoja na tangu hapo ni Profesa. Jumatatu hiyo ya Januari 1968 betri ya gari ilikuwa imeanikwa juani mbele yao, juu ya kipande cha bati, na wote watatu walikuwa wanaitazama kama watu wanaosubiri mahindi yaive.

Betri ilikuwa ya kombi ya Vitalis Makokha. Alifanya kazi Jinja miaka kumi na minne, na sasa alikuwa anarudi kwenye shamba lake karibu na Turbo pamoja na mkewe, Millicent, polepole, wakilala ndani ya gari. Mle ndani kulikuwa na godoro, jiko la mafuta ya taa, mapazia ya maua, na mashine ya santuri iliyofungwa kwa nyaya kwenye betri ya gari. Malaba hatuna umeme. Walifika Jumapili adhuhuri, wakafungua mlango wa ubavuni, wakapiga santuri mpaka jua likatua. Asubuhi kombi haikuwaka. Binti yangu Caren alikuwa ameketi ndani yake na sanduku lake la bati, kwa sababu walikuwa wamekubali kumfikisha shuleni, upande wa Eldoret. Barua ya shule ilisema wa kidato cha kwanza wafike siku hiyo kabla ya saa kumi jioni, na atakayechelewa nafasi yake itapewa mwingine. Basi la alfajiri tuliliacha lipite. Tulikuwa na kombi.

— Igeuze, sebo, — Profesa akamwambia Spana, kwani kwao ng'ambo kila bwana ni sebo. — Upande huo umeshashika moto.

— Nikiigeuza maji yatamwagika. Hii si betri ya tochi.

— Lakini ya tochi huwa unaianika.

— Naianika.

— Na nguvu inarudi?

— Inarudi. Inatosha kumulika njia ya choo mara mbili.

— Basi betri ni betri.

Huku kwetu betri za tochi na za redio zikichoka huwekwa juu ya paa mchana kutwa, na jioni hutoa nguvu kidogo. Ya gari hakuna aliyewahi kuianika, lakini pia hakuna aliyewahi kusema kwamba haianikwi.

— Spana, — nikasema, — lori lako lina betri mbili. Kwa nini usiunganishe?

— Mama Caren, mimi nakuheshimu. Yangu ni volti ishirini na nne. Hiyo ya kombi ni sita. Nikiunganisha, hiyo mashine itaimba mpaka Tororo wasikie, halafu kila balbu ipasuke, na binti yako akiwa ndani.

Nikamwamini, kwa sababu hilo moja alikuwa analijua.

Vitalis alikuwa amesimama kando, shati safi, mikono mgongoni, kama mgeni kwenye mkutano wa watu wengine.

— Aliyenifungia hizo nyaya kule Jinja aliniambia santuri hazili betri, — akasema.

— Zimekula, — Millicent akajibu kutoka dirishani.

— Swali si kama zimekula, — Muhuri akasema. — Swali ni ipi imekula. Ulipiga ngapi, mzee?

— Thelathini na kitu.

— Za aina gani?

— Aina zote. Za kanisa, za Kongo, benga.

— Za kanisa ziondoe, — Profesa akasema. — Zinakwenda polepole, umeme unatoka kwa heshima. Ni hizo za Kongo. Wimbo mmoja, magitaa matatu. Kila gitaa linavuta laini yake. Hesabu mwenyewe.

— Halafu zimetoka mbali, — Muhuri akaongeza. — Zimeingia Uganda, zimeingia Kenya. Betri inabidi itafsiri kwanza ndio iimbe. Hiyo kazi ya kutafsiri ndio inachosha.

— Uongo, — Spana akasema. — Mimi nimeendesha gari miaka tisa. Betri inamalizwa na kucheza. Mtu akicheza karibu na gari, anavuta. Jana hapa mlikuwa watu arobaini. Hata ng'ombe, akikamuliwa na watu arobaini, kesho yake hasimami.

— Mimi sikucheza, — Muhuri akasema.

— Ulicheza na bega.

— Bega si kucheza.

— Bega linavuta.

Muhuri akalitazama bega lake. Ndani ya kombi Caren akaniita.

— Mama, saa ngapi?

— Saa tatu na nusu.

— Tutafika?

— Kaa vizuri usikunje sare.

Muhuri akanyoosha mguu, akaanza upya. Yeye hukaa forodhani siku nzima akitafuta ni karatasi gani imekosea, na hawezi kuacha kitu bila mkosaji.

— Basi tutafute ya mwisho. Betri ilikuwa nzima, ikawa nusu, ikawa robo. Iliyoimaliza ni ile ya mwisho. Nani aliomba ya mwisho?

— Spana, — Profesa akasema haraka. — Aliomba benga mara tatu.

— Niliomba, sikatai. Lakini baada yangu kulikuwa na ingine. Ya mwanamke. Anaimba polepole, kama anatafuta sindano.

— Hiyo nilisikia, — Muhuri akasema. — Ilirudiwa.

— Ilirudiwa, ndio.

— Nani aliomba?

Wakamtazama Vitalis. Vitalis akatazama viatu vyake. Millicent akasogeza pazia.

— Hiyo ilikuwa ya Mama Caren.

Wote watatu wakanigeukia. Mimi nikaendelea kupepea makaa. Ilikuwa kweli. Sanduku lilikuwa limefungwa, sare imepigwa pasi, watoto wengine wamekula. Nilikalia kiti cha Millicent nikasema nipigieni hiyo, na ilipoisha nikasema irudieni. Dakika sita kwa jumla. Sikuwa nimekaa chini tangu Krismasi.

— Mara mbili, — Muhuri akasema taratibu, kama anayesoma hati.

— Mara mbili, — nikasema. — Nani anataka kahawa?

Wote walitaka.

Saa nne Spana aliirudisha betri mahali pake. Vitalis akageuza ufunguo. Injini ikasema *tk*, ikanyamaza.

— Mnaona? — Spana akasema. — Asubuhi haikusema kitu. Sasa imesema. Tuianike tena mpaka saa nane itaongea yote.

— Mpaka saa nane upande wa pili pia utakuwa umeiva, — Profesa akakubali.

Kutoka Malaba hadi shule ile, kwa barabara ile na kombi ile, ni saa nne ikiwa hakuna pancha. Sikuhitaji Profesa anifanyie hesabu hiyo. Asubuhi walikuwa wamejaribu kuisukuma kuelekea Kenya, lakini huko ni mlima na mchanga, wakafika kwenye posho mill, pale tunaposagisha unga, wakarudi kinyumenyume. Mteremko tulionao ni mmoja.

— Isukumeni kuelekea darajani, — nikasema.

— Huko ni Uganda, — Muhuri akasema.

— Najua ni wapi.

— Mama Caren, hii gari iligongwa muhuri jana. Imeingia Kenya. Ikipita hicho kizuizi, imetoka.

— Ikiwaka itageuka.

— Na ikiwakia darajani?

— Itageukia ng'ambo irudi.

— Kwa karatasi gani? Gari ikisukumwa si gari tena, ni mzigo. Na mzigo lazima uwe na mtu anayeupeleka. Huyo mtu ni sisi wasukumaji. Mimi sina kibali cha kupeleka kombi nje.

— Mimi sina shida, — Profesa akasema. — Mimi nitakuwa narudi nyumbani tu.

— Wewe ndio mbaya zaidi! Utakuwa umeingiza Uganda mashine moja, santuri thelathini na kitu, na mtoto wa shule, vyote bila kutangaza.

— Na mteremko ule, — Spana akasema, — si mteremko wa kuamini. Nusu ya kwanza ni ya Kenya, nusu ya pili ni ya mto. Gari inaweza kuchanganyikiwa.

Nikaondoa birika kwenye moto, nikalifunika kwa sahani.

— Kahawa imekwisha.

— Mama Caren, naona mvuke, — Spana akasema.

— Imekwisha mpaka kombi iwake.

Walitazamana. Spana alikuwa wa kwanza kusimama. Aliita tanboi wanne, wasaidizi wa madereva, waliokuwa wamelala chini ya malori, watu wazima wenye mabega, na Muhuri akavua koti akalikunja vizuri akaliweka kwenye benchi. Millicent aliingiza mkono nyuma ya kiti akang'oa nyaya za santuri, zote mbili, bila kumuuliza mume wake. Mimi nilishika kona ya kushoto. Caren alitaka kushuka asaidie, nikamwambia akae na azuie sanduku lisimgonge.

— Gia ya pili, mzee! — Spana akapiga kelele. — Usiachie klachi mpaka niseme!

Mlinzi wa kizuizi aliona gari linakuja, akainua mti. Hiyo ndiyo kazi yake, na gari halikuwa likimpa nafasi ya kuuliza. Tulikimbia nalo mpaka miguu ikatuzidi.

— Sasa!

Kombi ikaruka kama iliyopigwa kofi. Ikakohoa mara moja. Ikakohoa mara ya pili, na moshi mweusi ukatujia usoni. Ikawaka mahali ambapo ukingo wa daraja unaanza, na tukabaki tumeinama katikati ya barabara, mikono juu ya magoti. Vitalis akaipeleka ng'ambo, akaigeuza kule, akarudi nayo ikitetemeka, nasi tukaifuata mbio mpaka kizuizini.

— Hatuzimi mpaka getini kwa shule! — Millicent akatuambia kwa sauti.

Kwenye kizuizi alikuwa amesimama mtu tusiyemjua. Alikuwa karani mpya wa forodha, Ogada, aliyefika wiki ile kutoka Kisumu na ndiyo kwanza alikuwa anaanza zamu. Shati lake lilikuwa na wanga mpaka kwenye kola. Mkono mmoja ulishika daftari, mwingine aliuinua mbele ya kombi.

— Zima gari.

— Usizime! — tukasema watu tisa kwa pamoja.

Ogada akatutazama mmoja mmoja, jasho letu, vumbi letu, na koti la Muhuri pale kwenye benchi. Hakuwa mtu wa ugomvi.

— Sawa, lisizimwe. Nijibuni moja tu niandike. Gari hili linaingia ama linatoka?

Injini ikawa inaunguruma peke yake. Muhuri, ambaye hilo ndilo swali analolipwa kulijibu, akajikuna shingo.

— Boss, — akasema, — inategemea.

— Inategemea nini?

— Inategemea unaanzia wapi. Jana iliingia. Leo imetoka, lakini bila kwenda.

— Bila kwenda wapi?

— Mahali popote.

— Ilitoka ikiwa imezimika, sebo, — Profesa akasema. — Mtu akiwa amelala, ukimbeba na kitanda chake ukamweka nje, huyo hajatoka. Ametolewa.

— Lakini iliamka darajani, — Spana akasema. — Kwa hivyo injini ni ya Kenya, ila huu mngurumo ni wa Uganda.

Ogada aliandika neno, akalikata.

— Hiyo ya kulala, — akasema. — Rudia.

Nimewauzia wanaume hawa kahawa miaka mitano na sijawahi kupata faida nyingine kwao mpaka siku hiyo. Nikamshika karani kiwiko.

— Boss, haya mambo hayaelezwi ukisimama. Keti.

Akaketi. Muhuri akasogea kumpisha, Profesa akakaa upande huu, Spana upande ule, na nikamwekea kikombe mkononi ili kalamu ikose nafasi. Muhuri akaanza kumweleza tofauti ya gari na mzigo. Mti wa kizuizi ulikuwa bado juu. Mlinzi alikuwa amekuja karibu kusikiliza. Nikampungia Vitalis kitambaa cha birika: nenda.

Kombi ikapita nyuma ya migongo yao, ikapanda mlima kwa gia ya kwanza. Caren alikuwa dirishani. Hakupunga mkono, yote miwili ilikuwa kwenye sanduku. Nilisimama nikaitazama mpaka ikapita posho mill, kisha nikatazama kivuli cha mlingoti wa bendera ya forodhani, ambacho ndicho saa yangu. Saa tano kasorobo. Bila pancha, saa tisa kasorobo.

Ogada alikunywa vikombe vitatu. Kufikia cha tatu Spana alikuwa amefika mahali ambapo magari yote ya Malaba, kwa haki, yangepaswa kusajiliwa mtoni. Karani akafungua daftari lake tena.

— Sasa niandike nini?

Muhuri akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Spana. Spana akaangalia ndani ya kikombe chake. Ogada akageuka nyuma, akaona barabara na vumbi linalotulia.

— Na gari liko wapi?

— Limeingia, — nikasema, nikachukua kikombe chake.