Dukale Waqo, Aliyetuchimbia Sote

Ndugu na majirani wa Sokicha, nanyi watu wa mjini mliotupa nafasi katika makaburi yenu, aliyepata pa kukaa na akae. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, Boru Waqo, na ndiye anayeusoma. Watoto walitaka uwe mfupi, wenye maneno matamu. Utakuwa na ukweli, na utamu mtauokota njiani mkiuona.

Dukale Waqo Miju alizaliwa tarehe 12 mwezi wa Tir, mwaka 1944 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, kijijini Sokicha, mtoto wa tatu wa mzee Waqo Miju na mama Dayitu Roba. Hakuzaliwa hospitali, wala hakuzaliwa ndani ya nyumba. Mama yake alikuwa shambani anakwangua mashina ya enseti, ule mgomba wetu usiozaa ndizi, apate unga wa mkate, uchungu ukamkamata palepale, chini ya lile jiwe refu lenye uso wa mtu. Kondo lake la nyuma lilifukiwa mguuni pa mche wa enseti, kama la kila mtoto wetu. Kwa hiyo shimo la kwanza kuchimbwa kwa ajili yake lilikuwa kwao, na maisha yake yote aliamini la mwisho litakuwa hukohuko.

Mwaka 1953 alianza shule ya misheni, akafika darasa la nne. Mwalimu alikuwa mgeni na aliyapenda mawe yetu ya makaburi ya kale kuliko alivyotupenda sisi. Siku moja akauliza, "Dukale, nani aliyesimamisha mawe ya kwenu?"

"Babu."

"Babu yako wewe?"

"Hapana, mwalimu. Wangu yupo nyumbani anakunywa kahawa. Hao ni babu za watu wengine."

Darasa zima lilicheka, naye akachapwa. Shule aliiacha baba alipofariki, maana kaka wakubwa wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki na shamba halikungojea mtu.

Kazi yake ilikuwa kahawa, enseti, na kuchimba. Watu wa Sokicha hawana haja ya kuelezwa, lakini wa mjini wajue kwamba kwetu unga wa enseti hufukiwa ardhini hadi uchachuke, ndipo uwe chakula, na maiti huzikwa papo hapo bustanini, kati ya enseti na kahawa. Mashimo yote hayo mawili yalikuwa ya Dukale. Kuta zake zilinyooka, hazikuvuja, hazikuporomoka. Bibi wakimwona anapita na sururu begani walimuuliza, "Dukale, leo unamchimbia nani?"

"Leo nachimbia tumbo, bibi. Wewe kula tu, zamu yako ipo."

"Utaanza wewe, mshenzi."

Nao walicheka, na zamu zao zilipofika aliwachimbia kwa heshima zote, bila kudai hata birr moja. Hakuna ukoo Sokicha ambao haukulishwa na shimo lake, na hakuna ambao haukuzikiwa mtu humo.

Mwezi wa Yekatit mwaka 1965 alimwoa Birqe, binti wa mzee Gammade wa mlima wa pili. Mkwe alipoona mchumba anaongea sana alimkatiza. "Maneno yako baki nayo. Nichimbie shimo la unga, nije nilione." Lilipokwisha, mzee aliteremka ndani mwenyewe, akapapasa kuta, akatoka na kusema, "Mchukue." Birqe hakumsamehe hilo. Kila walipokorofishana alisema, "Wenzangu wameolewa kwa ng'ombe. Mimi nimeolewa kwa shimo."

"Na limeshika mpaka leo, Mama Ayelech," alijibu yeye, naye Birqe alishindwa kuendelea na hasira zake. Walijaliwa Ayelech, Worasa na Tamrat.

Birqe aliugua mwezi wa Hidar mwaka 2000. Sokicha haina barabara, mnajua. Vijana walimteremsha kwa machela kwenye utelezi, na kwenye kivuko cha mto, gari likiwa bado mbali, akakata roho. Dukale alisema neno moja tu, "Turudi." Akamchimbia mwenyewe, akakataa kumpa mtu sururu. Shimo lilipomfika kiunoni akagonga jiwe. Lilikuwa limelala, na lilipopanguswa udongo likatoa macho na pua.

Wazee waliokuwa pale walimwambia alifunike na asogee pembeni. Alisogea, akamzika mkewe kando yake. Laiti angeishia hapo. Matanga yalipoanuliwa alivaa koti lake zuri akashuka wilayani kulisema lile jiwe. Mdogo wake alimzuia mlangoni.

"Kaka, jiwe limekukosea nini? Liache lilale."

"Birqe amekufa kwa kukosa barabara, Boru. Hawa watu kila mkutano wanatuimbia kwamba wilaya hii ina kilimo cha milimani, ina urithi wa kale, ina fursa za uwekezaji. Basi nawapa huo urithi. Wao watupe barabara, asife mke wa mwingine mtoni."

"Na wasipotupa?"

"Watakosaje kutupa, na jiwe wameliona?"

Hakuwa mjinga. Alikuwa mfiwa, na mfiwa hushika kilicho karibu. Walikuja, wakapima, wakapiga picha. Aliwachinjia kondoo dume. Mwaka 2001 tukapata kibao kikubwa cha rangi, tukapata uzio, na tukapata amri: hakuna mtu kuchimba tena mteremko wote wa mawe. Mteremko wote wa mawe ni Sokicha yote. Mwekezaji alikuja mara moja, akasifu hewa, akala asali, akasema atarudi. Kahawa ya Dukale ilikatwa pawe pa kuegesha magari, na mpaka leo wanaegesha mbuzi. Vigingi vya barabara vilipigwa kweli, vyekundu, tukavishangilia, mvua zikaving'oa.

Wanawake wetu wakaanza kuchachusha unga kwenye mapipa ya plastiki, na mkate ukawa na ladha ya pipa. Waliofiwa wakawa wanabeba maiti wao hadi huku mjini. Dukale akapita sokoni akisikia, "Kale jiwe lako." Mtu aliyekuwa na neno kwa kila bibi akaanza kupita njia za nyuma. Faida pekee iliyotua Sokicha ilikuwa ajira moja ya mlinzi wa mawe, akaipata Worasa, mwanawe. Mshahara huo ndio uliolisha nyumba.

Mwishoni mwa mwaka 2015 tumbo la marehemu lilianza kujaa maji. Alipelekwa hospitali ya Dilla, akapimwa, akaambiwa ini limechoka, arudi akae na watu wake. Hakuuliza amebakiza muda gani. Aliomba Worasa ambebe mgongoni hadi ofisi inayosimamia mawe, na mdogo wake akafuata nyuma na fimbo yake. Ofisini alikuwepo binti mmoja mpole, aliyesimama na kumpisha kiti chake mwenyewe.

"Mwanangu," Dukale alimwambia, "nataka nilale na mke wangu. Ni shimo moja tu. Jiwe sitaligusa, najua lilipo kuliko nyinyi."

"Baba yangu, sheria hairuhusu. Pale ni urithi."

"Wale walio chini ya mawe, nao si walichimbiwa?"

"Walichimbiwa, baba."

"Sasa na mimi nitakuwa urithi lini?"

Yule binti aliinamisha kichwa. "Mimi sikuitunga sheria, baba. Ningeweza ningekupa." Tunaamini alisema kweli. Haikusaidia.

Mwezi wa Megabit, alipokuwa hawezi tena kuinuka, vijana wa Sokicha walifika mchana kweupe na sururu zao, wamchimbie wakati angali hai aone kona zake. Worasa alikuwa amesimama kwenye lango la uzio amevaa koti la kazi, machozi yanamtiririka. "Piteni," akawaambia. "Mimi nitageukia kule." Kila mtu alijua kitakachofuata: kazi ingekwenda, na pengine yeye mwenyewe angekwenda ndani. Dukale alizisikia sauti kutoka kitandani akaita.

"Acheni. Huyo ana watoto watatu. Mimi ni maiti mmoja."

Vijana walirudi na sururu zao safi. Baadaye alimshika mdogo wake mkono. "Basi Birqe aletwe nitakakokuwa mimi."

"Kaka, hilo nalo ni kuchimba."

Alilivuta blanketi akajifunika uso. Kuanzia siku ile alikula kwa kulazimishwa, na mzaha wake hatukuusikia tena. Inatuuma kusema, lakini alikufa amekata tamaa, na asiyejua hilo hakumjua mwisho wake.

Alifariki tarehe 3 mwezi wa Miazia, mwaka 2016, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Tulimteremsha kwa machela kwa utelezi uleule, tukavuka kivuko kilekile. Tulipofika mtoni wabebaji walisimama bila kuambiwa, kisha wakaendelea.

Shimo hili mnaloliona limechimbwa na watu wa kulipwa. Hatuwalaumu, hawakumjua. Lakini kona zimepinda, na lilikuwa fupi. Asubuhi hii mdogo wake ameingia humo akaliongeza upande wa miguu, kwa mikono isiyojua kazi hiyo, maana mwenye kuijua ndiye tuliyembeba.

Marehemu ameacha binti yake Ayelech na mumewe; mwanawe Worasa na mkewe; mwanawe Tamrat, aliyeondoka kupitia mpaka wa Moyale kutafuta maisha na hajapiga simu, popote alipo aambiwe; wajukuu saba; na mdogo wake Boru. Ameacha pia mke, Birqe Gammade, aliyeko Sokicha, ndani ya uzio, na kando yake pana nafasi ya mtu mmoja.

Kaka, ulituchimbia sote, na sisi tumeshindwa kukuchimbia mmoja. Upumzike kwa amani, hata kama ni ugenini.