Miezi Kumi na Moja Ndani ya Tulia

Benchi lililo nje ya duka la Mama Chapa lina mguu mmoja mfupi, nao umewekewa rimu ya karatasi iliyolowa mvua ikawa haifai kwa kazi nyingine. Ndani, mashine ya fotokopi hunguruma. Nje, kila siku saa nne asubuhi, watu watatu hunywa kahawa na kuitengeneza dunia upya. Chupa ya kahawa huletwa na kinyozi wa mlango wa pili, aitwaye Mabawa kwa jinsi anavyolikung'uta shuka la wateja. Masafa ni fundi redio, na kwake kila tatizo ni la mawimbi. Mwalimu Nukta amestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha. Mama Chapa mwenyewe jina alilipata kazini: huwachapia watu barua, mikataba na kadi za harusi, na wakati wa kahawa husogeza kiti chake mlangoni. Wiki tatu hizi alikuwa akiwasomea riwaya. "Kuna mteja kaniletea niichape," aliwaambia. Mteja hakuwepo. Riwaya ilikuwa yake, na mchapishaji alitaka sura zilizobaki zimfikie Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mpaka hapo hadithi ilikuwa imefika patamu. Maharamia wa angani, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Kimondo, walikuwa wamekiteka chombo kiitwacho Tulia, kilichokuwa kikipeleka maji kwa watu walioanza maisha Mirihi. Ndani mlikuwa na mabaharia kumi na tisa.

— Sura ya nane, — alisoma Mama Chapa. — "Miezi kumi na moja ikapita."

— Ngoja, ngoja, — Masafa alisema. — Ikapita vipi? Miezi yote hiyo hakuna aliyekuja kuwaokoa?

— Ndivyo alivyoandika mteja.

— Basi mimi najua kwa nini. Kimondo kaziba mawimbi. Wale wanaita, "Jamani tumetekwa," huku nyumbani inasikika taarabu.

— Taarabu angani! — Mabawa alicheka, akimimina kahawa. — Acha zako. Hao hawakuokolewa kwa sababu mwenye chombo ndiye kawatuma maharamia. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Angani hawavai nguo, wanavaa mitungi ya hewa, — Masafa alimjibu.

— Mtungi nao ni nguo ukishauvaa!

Mwalimu Nukta aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyetaka darasa zima litulie.

— Mnababaisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa huyo Kimondo katoka ulimwenguni, kaenda angani. Nani atamfunza? Ndiyo maana kawa haramia.

— Mwalimu, — Mabawa alisema kwa upole, — huko angani ndiko kwenye ulimwengu wenyewe. Sisi hapa tuko kwenye kipande tu.

Mwalimu akakinyanyua tena kikombe.

— Na hayo maji, — Masafa aliendelea, — mnasema yameporwa. Yameporwa yamepelekwa wapi? Maji yakimwagika hayazoleki, hiyo ni ya hapa chini. Kule juu yanazoleka! Yanaelea, unayadaka moja moja kama vipepeo. Mimi nasema Kimondo hajaiba. Anamwaga, anazoa, anamwaga, anazoa. Anacheza.

— Miezi kumi na moja anacheza?

— Kwani ana haraka ya kwenda wapi?

Mama Chapa alicheka nao, lakini kidole chake kilibaki kwenye ule mstari. Aliuandika usiku mmoja wa mwaka jana, kisha akarukia siku mateka walipoachiwa. Mara nne alijaribu kurudi nyuma aijaze ile miezi, na kila mara alijikuta akimpa Kimondo kicheko kikubwa na bunduki ya miale, akafuta. Hakujua kilichokuwemo. Aliyejua alikuwa mdogo wake wa kiume, na huyo alikuwa hasemi.

Mdogo wake alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Meli ilitekwa, akakaa mikononi mwa maharamia miezi kumi na moja, akarudi amekonda na salama, kama watu walivyopenda kusema. Mwaka wa tatu tangu arudi ulikuwa unakwisha. Alipata kazi jikoni katika shule, akawa mtu wa kazi na nyumbani. Ukimwuliza habari za kule, anakujibu, "Tumshukuru Mungu," anaondoka kwenda kuosha sufuria iliyo safi. Dada yake aliacha kuuliza. Akaanza kuandika, akaipeleka habari mbali kabisa, kupita hata mwezi, ili hata akiiona asijione.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — Mabawa alikuwa akisema. — Hao mateka siku ya tatu walitakiwa wapewe kazi. Mimi ningekuwa Kimondo, ningesema: nani kinyozi hapa?

— Wewe ungewanyoa maharamia?

— Kichwa ni kichwa, bwana.

— Nawaambieni siri, — Mwalimu Nukta alisema, akainama mbele. — Hakuna Kimondo. Nahodha wa Tulia na Kimondo ni mtu mmoja. Kajiteka mwenyewe.

— Hata chombo hakuna! — Masafa aliruka. — Hawajatoka duniani! Wamefungiwa kwenye ghala, wakapakiwa rangi nyeusi dirishani, wakaambiwa, "Zile nyota!"

Walikuwa bado wanacheka wakati mdogo wake Mama Chapa aliposimama mbele ya benchi, ameshika kitambulisho. Shule zilikuwa zimefungwa siku hizo.

— Hamjambo, — alisema. — Shikamoo, Mwalimu. Dada, naomba nakala mbili za hiki.

— Marahaba, — Mwalimu Nukta alijibu. — Karibu kahawa, baharia.

Kila mmoja alijua kwamba angesema ahsante na kupita. Alisema ahsante. Lakini hakupita. Alikuwa anaitazama karatasi iliyo mapajani mwa dada yake, na macho yake yalikuwa yameshafika kwenye ule mstari. Mama Chapa aliona.

— Ni hadithi ya maharamia wa angani, — Mabawa alimweleza, asijue anachokigusa. Kisha akajua.

Yule mdogo alisoma pole pole, midomo ikicheza. Akauliza:

— Hao watu kumi na tisa walikuwa wanakula nini?

Wiki tatu wale wanywa kahawa walikuwa wamebishana juu ya mawimbi, miale na mitungi, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba watu kumi na tisa, miezi kumi na moja, kila siku jioni lazima wasikie njaa.

— Aliyeandika hakusema, — Mwalimu alijibu.

— Aliyeandika hajui, — alisema Mama Chapa. — Ni mimi niliyeandika. Nisamehe, mdogo wangu.

Hakuna aliyeshangaa kwa sauti. Mabawa alisogea, akabanana na Masafa, nafasi ikapatikana. Mdogo wake Mama Chapa aligeuza kitambulisho mkononi. Kisha akakaa.

— Wali, — alisema. — Miezi mitatu ya mwanzo. Baadaye unga. Baadaye walichokuja nacho wao. Chungu kilikuwa kimoja, wao na sisi. Mimi ndiye niliyekuwa napika.

— Unawapikia wao? — Masafa aliuliza kwa sauti ndogo.

— Nani mwingine? Kulikuwa na mmoja kijana, mkali kuliko wote. Akaumwa jino, shavu likavimba hivi. Hawezi kutafuna. Akaja jikoni na bunduki yake, akakaa chini, analia. Nikamsagia chakula chake. Wiki mbili namsagia. Namwogopa, na bado naonja kama chumvi imekolea. Hilo ndilo nisiloweza kulisema nyumbani, dada. Watu wataniuliza kwa nini nilionja chumvi.

Mabawa alitaka kummiminia kahawa, chupa ikatoa matone mawili na pumzi. Akampa kikombe chake mwenyewe, kilichokuwa bado na nusu.

Mama Chapa hakuuliza habari za kijana yule wala bunduki. Aliuliza:

— Na wewe ulikuwa unakula saa ngapi?

— Mwisho. Wakishakula wote.

— Kilikuwa kinabaki?

— Siku nyingine.

Mteja mmoja alifika na faili kwapani, akisema ana kurasa arobaini na ana haraka. Mama Chapa aliinuka, akaingia ndani, akazima mashine ya fotokopi, ngurumo ikakatika.

— Rudi saa nane, — alimwambia. — Sasa hivi tumefunga.

Kisha akabeba kiti chake, akakiweka karibu na benchi, upande wa mdogo wake.

— Endelea, — alisema.